Maarifa ya Juma: Watu Wapimao Miti ya Kale

Msafiri aingiaye katika uwanja wa kanisa la kale huko Uingereza, hasa katika vijiji vya kusini na katika mabonde ya Wales, aghalabu huona mti mmoja wenye kiza kabla hajauona vema mlango wa kanisa lenyewe. Majani ya mti huo ni membamba kama sindano, rangi yake ni kijani kinachokaribia weusi, wala hayapukutiki wakati wa baridi. Shina lake ni jekundu lenye kuingia kahawia, nalo limejipinda na kujikunja kama kamba nene iliyosokotwa na mikono mingi. Waingereza wenyewe huuita yew, na wataalamu wa mimea huuita Taxus baccata. Kwa kuwa lugha yetu haina jina lake, katika safu hii tutauita myuu, na ikiwa mingi, miyuu, ili ulimi usijikwae.

Myuu hauoti kwa asili katika nchi zetu. Katika bara lote la Afrika huonekana katika milima ya kaskazini tu, huko Moroko na Algeria. Seremala aujuaye mpodo wa Mlima Elgon anaweza kupata picha yake kidogo, maana mpodo nao hauchanui maua wala hauzai koni ngumu kama za msonobari, bali mbegu yenye nyama. Lakini mpodo hukua kwenda juu ukanyoka. Myuu hukua kwenda kando, ukanenepa, ukatoboka katikati, nao huendelea kuishi hata baada ya kuwa gofu.

Habari za juma hili si za mti wenyewe tu, bali ni za watu wanaozunguka mashambani kuupima. Ni kazi ya kujitolea ambayo imeendelea huko kwa muda wa zaidi ya miaka 300, nayo haina mshahara wala cheo. Mpimaji huchukua utepe, daftari, penseli, ramani na, siku hizi, kamera. Huufikia mti, huuzungushia utepe, huandika, huondoka. Mtu atauliza, faida yake nini? Nami nasema faida yake ni kubwa kuliko ilivyo rahisi kuonekana, kwa sababu kwa mti huu kipimo cha utepe karibu ndicho ushahidi pekee tulio nao juu ya umri wake, na umri wake karibu ndiyo hoja pekee inayoweza kuuokoa usikatwe.

Tuanze na mzee wao. Katika kijiji cha Fortingall, wilaya ya Perthshire huko Scotland, upo myuu ambao wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa viumbe vyenye umri mkubwa kabisa barani Ulaya. Mwaka 1769 watu wawili wenye elimu waliupima. Daines Barrington alipata mzingo wa shina wa futi 52. Thomas Pennant alipata futi 56 na nusu, yaani meta 17 na zaidi. Askari kumi walioshikana mikono wasingeuzunguka kwa raha. Hata siku zile shina lilikuwa limekwisha pasuka katikati, na yasemekana maandamano ya mazishi yalipita ndani ya mwanya huo kwenda makaburini. Baadaye watu waliwasha mioto chini yake, na wageni walikata vipande vya mti wakaenda navyo kwao kuwa ukumbusho, hata mwaka 1785 ikabidi kujengwa ukuta wa kuuzunguka. Leo aendaye Fortingall haoni shina la futi 52. Aona mashina machache yaliyosimama mbalimbali ndani ya ukuta, na vigingi vilivyochomekwa ardhini kuonyesha duara ya zamani ilipopita. Lau Barrington na Pennant wasingeandika, nani leo angesadiki kwamba vipande vile vilikuwa shina moja?

Mti huo ulileta ajabu nyingine mwaka 2015. Miyuu huwa midume au mijike, kila mti na jinsi yake. Mdume hutoa vumbi la uzazi mwishoni mwa majira ya baridi, na mjike hutoa vitunda vyekundu wakati wa vuli. Myuu wa Fortingall umeandikwa kuwa mdume kwa mamia ya miaka. Mwaka huo mtaalamu mmoja wa Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Edinburgh aliona katika tawi moja la juu vitunda vitatu vyekundu, vimeiva. Tawi lile lilikuwa limegeuka jike, ilhali mti uliobaki ni mdume kama zamani. Habari hiyo ilienea duniani kote, nayo ilipatikana kwa sababu mtu alikwenda kuangalia mti ambao wengine walidhani umekwisha julikana wote.

Sasa namna ya kupima. Msomaji asidhani ni jambo la kuzungusha utepe na kusoma namba. Shina la myuu si mviringo kama pipa. Lina makunyanzi, vinundu, mashimo, na mizizi iliyotokeza nje. Ukipima chini kabisa utapata kipimo kikubwa. Ukipanda futi mbili kitapungua. Ukifika mahali matawi yanapoanza kitaongezeka tena. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuandika urefu wa mahali utepe ulipopita kutoka ardhini. Wapima misitu wengi hutumia kifua cha mtu mzima, yaani meta 1.3 au meta 1.5, lakini ikiwa hapo pana kinundu kikubwa mpimaji hushuka hadi mahali pembamba, naye aandike kwamba ameshuka. Utepe lazima uwe sawa pande zote, usilegee nyuma ya shina mahali macho yasipofika. Mimea itambaayo huinuliwa kwanza, maana ukipima juu yake umepima mti na nguo zake. Fundi cherehani yeyote ajua kwamba mteja hapimwi akiwa amevaa koti.

Tena huandikwa mti uko wapi. Askari aliyefundishwa kusoma ramani ataelewa mara moja kwamba maneno kama ‘nyuma ya kanisa, upande wa kulia’ hayatoshi. Kulia kwa nani? Hutolewa namba za mistari ya ramani, na upande wa dira kutoka ukutani mwa kanisa. Kisha huandikwa jinsi ya mti, kama shina ni zima au lina uwazi, kama limevunjika, kama pana mchanga au saruji iliyotiwa ndani, na picha hupigwa kutoka pande mbili au zaidi. Jambo la mwisho, ambalo wapimaji wazuri hulitilia maanani kuliko yote, ni kutafuta vipimo vya waliotangulia katika vitabu na makaratasi ya kanisa. Kipimo kimoja hueleza mti ni mnene kiasi gani. Vipimo viwili vilivyotengwa na miaka 100 huanza kueleza habari za wakati.

Tutwae mfano wa Selborne, kijiji cha wilaya ya Hampshire. Padri wa huko, Gilbert White, alikuwa mtu wa kutazama ndege, wadudu na miti kwa subira kubwa, na katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1789 aliandika kwamba myuu wa uwanja wa kanisa lake ulikuwa na mzingo wa futi 23. Mwaka 1823 mwandishi William Cobbett alipita pale na farasi wake, akashuka, akapima futi 23 na inchi 8. Mwaka 1981 mti ulipimwa tena ukawa futi 25 na inchi 10. Yaani katika miaka 192 uliongezeka inchi 34.

Mtoto wa shule aweza kufanya hesabu hii. Ikiwa inchi 34 zilichukua miaka 192, basi inchi 310 za mwaka 1981 zingechukua miaka ipatayo 1,750. Hesabu ni sahihi, lakini jawabu halistahili kuaminiwa hivi hivi. Kwanza, myuu kijana hunenepa upesi kuliko mzee, kwa hiyo kuhesabu maisha yote kwa mwendo wa uzee ni kuuongezea mti miaka isiyokuwa yake. Pili, tazama vipimo vyenyewe: kati ya White na Cobbett ni miaka 34, na mti uliongezeka inchi 8, katika miaka 158 iliyofuata uliongezeka inchi 26 tu. Je, ulipunguza mwendo, au Cobbett aliushika utepe juu kidogo ya mahali pa White? Hakuna aliyeandika urefu kutoka ardhini. Ndiyo maana nimerefusha maneno juu ya sharti lile la kwanza.

Mfano wa Totteridge, pembeni mwa London, huvunja hesabu hiyo kabisa. Huko kipimo kilichoandikwa mwaka 1677 kilikuwa futi 26, na kilichochukuliwa zaidi ya miaka 300 baadaye kilikuwa futi 26 vile vile. Mti ulikuwa hai muda wote huo, una majani, una afya, lakini shina halikuongezeka. Ukiigawanya futi 26 kwa ongezeko la sifuri utapata mti usio na mwanzo. Na huko Crowhurst, wilaya ya Surrey, John Aubrey aliandika yadi 10, yaani futi 30, katika karne ya 17. Mti huo haujanenepa sana tangu wakati wake. Shina lake ni pango. Yasimuliwa kwamba mwaka 1820 wanakijiji waliweka mlango, meza na viti ndani yake, na walipokuwa wakilichonga walikuta tufe la mzinga limezama ndani ya mti. Mlango upo mpaka leo.

Uwazi huo ndio unaowashinda wataalamu. Mti wa kawaida hukatwa, na duara za ndani huhesabiwa, moja kwa kila mwaka. Myuu ukifika miaka mia kadhaa huanza kuoza kiini, na mbao za miaka yake ya kwanza huwa vumbi. Hata ukiukata hutapata cha kuhesabu, na kipimo cha kaboni nacho hupima mbao iliyobaki, si ile iliyokwisha toweka. Zaidi ya hayo mti hujijenga upya: tawi huinama likagusa ardhi likatia mizizi, au mzizi mpya hushuka ndani ya pango la shina, ukawa shina jipya ndani ya la zamani. Kwa sababu hiyo mimi huwasoma kwa tahadhari wale wanaotangaza miaka 5,000 na zaidi kwa mti huu au ule. Wapimaji walio waangalifu huridhika kusema kwamba myuu wenye mzingo wa meta 7 na kuendelea yaelekea umepita miaka 800, kisha hunyamaza. Kwa maoni yangu miaka 800 ni fahari ya kutosha. Mtu aliyeupanda aliishi kabla ya Vasco da Gama kufika Mombasa mwaka 1498.

Wasomaji wetu walio jeshini watapenda kujua kwamba mti huu ulikuwa silaha kabla ya kuwa pambo la makaburi. Ncha ya mkuki iliyopatikana Clacton-on-Sea mwaka 1911, ambayo umri wake hukadiriwa kuwa miaka 400,000, ni ya myuu. Maiti ya mtu wa kale iliyofukuliwa barafuni katika milima ya Alps mwaka 1991 ilikuwa pamoja na upinde wa myuu ambao haujamalizwa kuchongwa, na mpini wa shoka wa mti huo huo. Lakini sifa kubwa ni ya upinde mrefu wa Waingereza, uliowapa ushindi juu ya majeshi ya Ufaransa huko Crécy mwaka 1346 na Agincourt mwaka 1415. Siri ya upinde ule ni kwamba fundi alichonga ubao mmoja wenye sehemu mbili: mti mweupe wa nje, unaovumilia kuvutwa, aliuelekeza upande wa adui, kiini chekundu, kinachovumilia kubanwa, aliuelekezea mpiga upinde mwenyewe. Mti mmoja ukafanya kazi ya vitu viwili vilivyogundishwa. Merikebu ya vita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilikuwa na pinde za namna hii zaidi ya 100 zilizohifadhiwa na tope la bahari, na zilipochunguzwa ilionekana kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu za mtu aliyezoezwa tangu utotoni.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja inayosemwa sana, kwamba miyuu ilipandwa makanisani ili wapiga pinde wapate mbao. Myuu wa uwanja wa kanisa huwa na vinundu na mapindo, haufai upinde mzuri. Mbao bora zilitoka ng'ambo, na sheria ya mwaka 1472 iliwalazimu wafanya biashara kuleta fito nne za pinde kwa kila pipa kubwa la shehena. Misitu ya miyuu ya Ulaya ya kati ilikwisha kwa biashara hiyo. Makanisani iliachwa. Mara nyingi mti ni wa kale kuliko jengo la kanisa, na sababu ya ujirani wao haijakubaliwa na wote.

Basi miti hii imepona vita, imepona mashoka ya wafanya biashara. Ni nani adui yake leo? Adui ni jambo dogo dogo. Huko Llangernyw, kaskazini mwa Wales, katikati ya mashina ya myuu mmoja wenye umri mkubwa sana liliwekwa tangi la mafuta ya kupasha moto kanisa, na miaka ya 1990 sehemu za mti mkavu ziliondolewa, sehemu ambazo zingeweza kutoa habari za umri wake. Hapakuwa na nia mbaya. Watu walitafuta mahali pa kuweka tangi. Baadaye tangi liliondolewa, na mwaka 2002 mti huo ukatajwa miongoni mwa miti 50 mikuu ya Uingereza. Kwingine ni shimo la bomba, au njia ya gari, au tawi lililokatwa kwa hofu kwamba litamwangukia mtu. Jengo la kale huko lina ulinzi wa sheria kwa sababu tu ni la kale. Mti hauna ulinzi wa namna hiyo. Halmashauri ya mahali inaweza kutoa amri ya kuuhifadhi mti mmoja mmoja, lakini lazima kwanza pawe na mtu wa kuwaambia kwamba mti upo, uko hapa, una mzingo kadha, na mwaka fulani ulikuwa kadha. Karatasi ya mpimaji ndiyo hati ya shahidi.

Kwa hiyo kazi ya watu wachache imekuwa kazi ya wengi. John Lowe alitoa kitabu kizima cha miyuu ya Uingereza na Ireland mwaka 1897. Miaka ya 1980 mtaalamu David Bellamy alitia jina lake katika hati zilizopelekwa makanisani kushuhudia umri wa miti yao. Tangu mwaka 2004 shirika la Woodland Trust na wenzake wamekuwa wakikusanya daftari la miti ya kale ya kila namna, ambalo mwananchi yeyote anaweza kuletea kipimo chake, na mkaguzi wa kujitolea huenda kukihakikisha. Daftari hilo sasa lina miti zaidi ya 100,000. Myuu wa Selborne hauwezi tena kupimwa ukiwa hai: uliangushwa na dhoruba tarehe 25 Januari 1990, ukainuliwa na kumwagiliwa maji, lakini ukafa. Zimebaki namba tatu zile nilizozitaja, gogo, na chipukizi lililotokana na mti huo.

Nimeacha kwa mwisho habari inayotuhusu sisi wenyewe, hata kama hatutauona mti huu maishani. Myuu ni sumu. Majani, gome na mbegu zake huua ng'ombe na farasi, na binadamu pia. Julius Caesar aliandika kwamba Catuvolcus, mfalme aliyeshindwa vitani, alijiua kwa myuu. Ni nyama nyekundu ya kitunda peke yake isiyokuwa na sumu. Lakini mwaka 1962 gome la ndugu yake, myuu wa pwani ya magharibi ya Marekani, lilichukuliwa kwa uchunguzi, na mwaka 1971 wataalamu Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza umbo la dawa waliyoitoa ndani yake. Dawa hiyo, paklitakseli, huzuia seli za saratani zisigawanyike. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1992. Shida ilikuwa kwamba mti unaobanduliwa gome hufa, na mgonjwa mmoja alihitaji gome la miti kadhaa. Njia ikapatikana ya kuanzia katika majani ya myuu wa Ulaya, ambayo hukatwa na kuota tena, na hata majani ya nyua za bustani za Uingereza yamekuwa yakikusanywa kwa kazi hiyo.

Dawa hiyo imefika kwetu. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Uganda, Kenya, Malawi na nchi nyingine, na kutangazwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba kwa wagonjwa wa saratani ya Kaposi iliyoenea mwilini, wale wenye virusi vya UKIMWI, paklitakseli pamoja na dawa za kupunguza makali ya virusi ilifanya kazi vizuri kuliko dawa nyingine mbili zilizolinganishwa nayo. Hutiwa katika mshipa polepole, hospitalini, chini ya uangalizi wa daktari, na mgonjwa hupimwa damu kila mara. Mwenye vibaka vyeusi au vya zambarau vinavyozidi juu ya ngozi, miguuni au kinywani, aende zahanati ya kambi mapema, asingoje vivimbe. Wala mtu asidanganyike kununua unga wa gome au majani ya mti wowote kwa jina la dawa hii, maana kilichomo katika jani lenyewe ni ile sumu iliyomuua Catuvolcus.